Kichwa cha Loreng

Wamucii alipoanza kuokota mifupa, mimi sikuwa na neno naye. Waliokuwa na maneno walikuwa wengi, na wote walikuja kuyamwaga kwenye kibanda changu cha chai, kwa sababu kinatazamana na lango la kwao. Mama wa nyumba ya pili alisema harufu inamtapisha mtoto wake. Mzee mmoja wa kanisa alisema msichana wa heshima hawezi kukaa na mafuvu ila awe ameingia mambo ya giza. Vijana wa boda boda walimpa jina la Fisi, na kila akipita walicheka ile sauti ya fisi mpaka aingie ndani. Kuna mtu, hajajulikana mpaka leo, aliyemwaga ndoo ya mavi ya mbuzi langoni mwao Jumapili asubuhi, familia nzima ikijiandaa kwenda ibadani.

Mimi nilipika chai nikanyamaza. Kunyamaza si kawaida yangu, waulize mtaa mzima wa Kiwanjani. Lakini Ndegwa, baba yake Wamucii, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa mteja wangu na mtu asiye na makuu. Alikuwa akishika kikombe chake kwa mikono miwili na kuniambia kwa aibu kwamba binti yake amesomea sanaa Nairobi, amerudi nyumbani, na sasa badala ya kuuza misumari anaosha mifupa kwa sabuni ya unga.

Mifupa yenyewe haikuwa ya kutafutwa. Ule ukame mkubwa ulipomalizika, ukitoka tu nje ya mji upande wa Burat ulikuwa unakanyaga mbavu. Ng'ombe, punda, ngamia, mbuzi, wote walikuwa wamelala hapo walipoangukia. Wamucii alikodi pikipiki na magunia, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni mzigo ukigongana nyuma yake. Siku moja alikuja kununua chapati, akanieleza anachofanya bila mimi kuuliza. Anatengeneza sanamu ya kuheshimu uhai, alisema. Mnyama anakula majani, anakufa, anaingia udongoni, majani yanaota tena, mwingine anakula. Sanamu ingesimamishwa uwanjani kwenye wiki ya utamaduni ya kaunti, watu wote waione. Alizungumza taratibu, kwa ile sauti ya chini ya watu waliosoma, utadhani mimi sijawahi kuona ng'ombe akifa. Nilimfungia chapati zake akaenda.

Sasa nieleze habari za baba yangu, maana bila hizo hutaelewa kwa nini nilivuka ile barabara.

Wakati huo baba aliitwa Apaloreng, yaani baba wa Loreng, na Loreng si ndugu yangu. Loreng alikuwa maksai, mwekundu mwili mzima. Kwetu Waturkana mwanamume huwa na maksai wake mmoja anayempenda kuliko mifugo yote, na marafiki zake huliacha jina lake la zamani wakamwita kwa jina la huyo. Baba alimchagua Loreng akiwa bado ndama. Mfupa wa kichwa ukiwa haujakomaa, aliulegeza kwa jiwe pale pembe ya kulia inapochipukia, akaifunga kwa kamba ya ngozi, akawa anaivuta kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Pembe ya kushoto aliiacha ipande juu. Ya kulia ilikuja mbele ikashuka karibu na jicho. Baba akicheza ngoma, mkono wake wa kushoto ulikuwa juu na wa kulia umekunjwa mbele ya uso, na hakuna aliyehitaji kuuliza yule ni nani. Alikuwa na nyimbo za Loreng, anaziimba usiku na mchana. Mimi binti yake hajawahi kuniimbia hata ubeti mmoja, na nilipokuwa msichana wa shule nilimwonea yule ng'ombe wivu wa kweli.

Ukame ulipokuja, ng'ombe wetu walikwisha. Baba alimfanya Loreng awe wa mwisho kwa nguvu zake mwenyewe. Alimbebea maji kwa mtungi kutoka kisimani, akampa uji wake, akamkatia matawi mpaka viganja vikachanika. Loreng alikufa kwenye laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya boma letu, na baba hakumla wala hakuruhusu ngozi yake iuzwe. Jua na mchwa walipomaliza kazi, alichukua kichwa, akapanga mawe chini ya mgunga, akakiweka juu yake kikitazama upande wa malisho. Kila akipita na mbuzi waliobaki alisimama hapo. Sijui alikuwa akisema nini, sikuwahi kusogea karibu.

Basi mvua zikarudi, majani yakaota, na siku moja baba akaja kibandani kwangu kwa miguu kutoka Burat. Nilimpa chai akaisukuma kando. Alisema kichwa hakipo. Mawe yako chini, yametawanyika, na kichwa hakipo. Nikamwambia ni fisi. Aliniangalia kwa dharau, akasema fisi hula, hapangui mawe.

"Ni watoto ya Bonaya," akasema. "Wanajua hiyo ndio jina yangu. Wamechukua jina yangu."

Bonaya ni jirani yetu, Mborana, tunayechota naye maji kwenye kisima kimoja. Yeye na baba wamegombania malisho tangu sijazaliwa, na katikati ya ugomvi wamesaidiana pia, kwa sababu kisima ni kimoja. Baba alisema Jumamosi yeye na wenzake wa rika wataenda kwa Bonaya kumwuliza. Najua watu wanavyokwenda kuuliza huku kwetu. Wanakwenda na fimbo, wengine wanakwenda na zaidi ya fimbo, na jibu huwa halisikilizwi. Nilimsihi angoje, nikamwambia nitatafuta habari mjini. Alisema kama kichwa hakitapatikana kabla ya Jumamosi, yeye atakuwa amekaa kimya vya kutosha. Akaondoka na kiu yake.

Kesho yake nilikuwa nakanda unga wakati kijana mmoja wa boda boda alipokuwa akiwaonyesha wenzake picha kwenye simu, wanacheka. Ni picha za Wamucii, anazoweka ili watu waone kazi yake inavyoendelea. Nikainama kuangalia kwa udaku tu. Katika picha moja Wamucii amepiga magoti mchangani, anatabasamu, ameshika kichwa cha ng'ombe kwa mikono miwili. Pembe moja imepanda juu. Nyingine imeshuka mbele ya tundu la jicho.

Nilimnyang'anya yule kijana simu. Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Sikungoja, nikampigia baba palepale mikono ikiwa na unga, nikamwambia kwa Kiturkana kwamba Bonaya hana kosa, Loreng nimempata, yuko mzima, yuko ng'ambo ya barabara. Nikamsikia akimwita mzee Ebei, rafiki yake wa rika, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mvua zilipokatika. Alisema wanakuja mara moja.

Ndipo nikavuka barabara.

Nilimkuta Wamucii uani kwao, nyuma ya duka la baba yake, amevaa ovaroli, msasa mkononi. Sanamu ilikuwa imesimama katikati ya ua, duara refu kunipita. Uti wa mgongo wa ngamia ulizunguka chini, mbavu zilipanda pande zote mbili mpaka zikakutana juu, zimefungwa kwa waya wa kufungia nondo na kuzibwa maungio yote kwa kitu cheupe. Ndani ya mifupa ya nyonga alikuwa amepanda nyasi za kweli, zimeota. Katikati ya yote kilining'inia kichwa cha ng'ombe kinang'aa vanishi. Sitadanganya, ilikuwa nzuri. Iliniudhi kwamba ilikuwa nzuri.

Nikazunguka mara ya kwanza, nikazunguka tena. Vichwa vingine vilikuwa vimelazwa ukutani, vya mbuzi na punda. Loreng sikumwona.

"Wamucii, kile kichwa kiko wapi?" Nikamwonyesha picha kwenye simu ya yule kijana.

Uso wake ukachangamka. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza Kiwanjani kuingia pale kuuliza habari za kazi yake. "Si ndiyo hii hapa katikati," akasema. "Ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Hujaitambua?"

Nikatazama. Pembe mbili zilisimama juu, moja kushoto, moja kulia, zimelingana kabisa.

"Huyu si yeye. Yule pembe yake moja..."

"Ilikuwa imepinda vibaya," akasema, na alisema kwa huruma, hilo ndilo lililoniumiza. "Imeshuka mpaka kwa jicho, maskini. Nafikiri alivunjika akiwa mdogo, hata hapa kwa mfupa kulikuwa na shimo. Nikaona kazi yote inaongea juu ya uhai, siwezi kuweka kitu kigonjwa katikati. Nikaikata, nikaweka nyingine inafanana na hii ya kushoto. Shimo nikaziba. Huwezi jua, si ndiyo?"

Kwao, huko Nyeri walikotoka, ng'ombe ni wa maziwa. Wanakaa bandani, wana namba sikioni, na pembe wanachomwa wakiwa ndama ili wasidungane. Hilo nalijua, nimefika huko kwenye mazishi ya mama yake Ndegwa, nimewaona. Pembe kwao ni kitu cha kuondoa. Kwa hiyo alipoona pembe iliyopinda, aliona ugonjwa, akautibu kwa msumeno wa duka la baba yake. Yote haya nilikuja kuyafikiria baadaye. Wakati ule nilimshika kola ya ovaroli.

Nilimtukana. Nilimwita jina lile la vijana wa boda boda na mengine ambayo sitayaandika. Nilimwambia ile pembe haikuvunjika, ilitengenezwa, na mtu aliyeitengeneza ni baba yangu, na lile shimo ni alama ya jiwe lake. Nilimwambia anaitwa Apaloreng na maana yake ni nini. Nilimwambia yote hayo nikiwa nimemshika, na yeye akajing'oa mikononi mwangu na kunirudishia moto.

"Mimi sikuiba, niliokota!" akasema. "Mnanitupia mavi kwa geti. Mnaniita Fisi. Hao wanyama walikuwa wameoza huko nje mwaka mzima, hakuna mtu alikuja hata kuwafunika. Mimi ndiye niliwaosha, mmoja mmoja. Nililia nikiwaosha. Sasa kwa sababu ya kichwa kimoja ndiyo mmekumbuka mlikuwa na ng'ombe?"

"Hukuokota. Kilikuwa juu ya mawe. Nani hupanga mawe kwa kitu alichotupa?"

Hapo msasa ukamponyoka. "Nilidhani ni watoto walikuwa wanacheza," akasema.

Nikamwuliza ile pembe aliyoikata iko wapi. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupiga hesabu za kuirudisha, gundi ipo, waya upo. Alitazama sanamu. Nikamwuliza tena kwa kumsukuma. Akasema ganda la nje mbwa waliliburuta wakaenda nalo. Mfupa wa ndani aliusaga pamoja na vipande vingine vilivyobaki, akachanganya na gundi, akazibia maungio. Ule weupe wote niliokuwa nauona kati ya mbavu, chini mpaka juu, Loreng alikuwamo humo humo.

Niliketi juu ya ndoo ya rangi. Baba alikuwa njiani.

Nilipomwambia Wamucii kwamba nimeshampigia simu, alifunga lango kwanza, kisha akalifungua, kisha akaja akasimama mbele yangu. Alisema tunaweza kumwambia mzee kwamba nilikosea. Hicho kichwa hawezi kukitambua, hata mimi nimekizunguka mara mbili nikakipita. Tungesema ni ng'ombe mwingine, yule wa kwenye picha alichukuliwa na mtu wa Meru, mtu ambaye hana namba ya simu. Alikuwa akifikiri haraka, na sitaki kusema uongo, hata mimi nilitega sikio. Ingekuwa rahisi. Baba angeendelea kuamini kwamba Loreng yuko mahali fulani mzima, na pembe yake imeshuka mbele ya jicho.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba akitoka pale bila kichwa, hakuna mtu wa Meru ambaye angemwamini. Angeona namkingia kifua Bonaya ili kuzuia vita, angeenda na rika lake, na huko kuna watoto wa Bonaya ambao hawajui hata habari zenyewe ni nini. Nikamwambia Wamucii hivyo. Nikamwambia pia kwamba ningekuwa na njia ya kumwachia yeye peke yake hizo fimbo, ningemwachia. Tulikaa uani tukichukiana, yeye upande wake na mimi wangu, na sanamu yake katikati.

Pikipiki ilisimama nje. Baba alikuwa amevaa kofia yake ya sherehe, yenye unyoya wa mbuni, na shuka safi. Kwapani alikuwa na gunia jipya, limekunjwa vizuri, la kumbebea Loreng. Mzee Ebei alikuja nyuma yake akichechemea, mguu wake mmoja ni mbovu. Baba alinisalimia kwa furaha, akamsalimia hata Wamucii, habari ya msichana, habari ya kazi, na Wamucii akaitikia kwa sauti isiyosikika.

"Iko wapi?" baba akaniuliza.

Ulimi wangu huu mrefu ulinishinda. Nikaonyesha sanamu kwa mkono tu.

Baba alizunguka polepole. Alitazama mbavu, akazigusa nyasi zilizoota kwenye nyonga, akamwambia Ebei kwa lugha yetu kwamba msichana huyu ana mikono mizuri. Alifika mbele ya kichwa, akasimama. Alikitazama uso kwa uso, karibu kabisa. Wamucii alikuwa ameshika waya mpaka umemkata kidole.

"Huyu ni ng'ombe mzuri," baba akasema. "Lakini mimi sijui yeye."

Akapita. Akaenda kwenye vile vichwa vya ukutani, akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya fimbo, mbuzi, mbuzi, punda. Akageuka kunitazama, na furaha ilikuwa imeanza kumtoka usoni. Alisema nimeona vibaya, picha za simu hudanganya. Alimwambia Ebei waondoke, kwamba sasa amejua ni Bonaya, na hakuna haja ya kungoja Jumamosi. Ebei alikuwa ameshaanza kulielekea lango.

"Apa," nikamwita. "Ni yeye. Alikatwa pembe."

Sijui kama nilisema vizuri. Ningeweza kutafuta maneno laini zaidi, lakini sina, na hata ningekuwa nayo yangesema kitu kilekile. Baba alirudi. Alisimama tena mbele ya kile kichwa, akamwuliza Wamucii bila kumtazama.

"Nani alikata?"

"Ni mimi, mzee."

"Kwa nini?"

"Nilidhani alikuwa mgonjwa."

Baba aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amejibiwa jambo la kawaida. Akaweka kiganja juu ya pua ya Loreng, akakipandisha taratibu mpaka kwenye paji, kisha kidole gumba kikaenda upande wa kulia kutafuta. Pale palipozibwa palikuwa laini, pamepigwa msasa. Kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Kikasimama.

"Alikuwa mgonjwa hapa siku kidogo tu," akasema. "Ni mimi nilipiga na jiwe. Akalia sana. Nikalala na yeye mpaka ikapona."

Mzee Ebei ndiye aliyepandwa na hasira. Aliinua fimbo akapiga mbavu za upande mmoja, zikavunjika zikamwagika chini, na unga mweupe ukaruka hewani. Wamucii hakujikinga. Ebei aliinua tena, na nikasema moyoni, vunja, vunja yote, usiache hata mfupa mmoja. Nilikuwa nimengoja mtu apige kitu. Baba akamshika mkono.

"Wacha," akamwambia. "Hiyo ni ya msichana."

Wamucii alikuwa ameshachukua koleo. Alisema atakitoa kichwa sasa hivi, mzee akichukue, atang'oa ile pembe ya uongo, atafanya chochote. Alikuwa akikata waya huku machozi yanamdondoka kwenye ovaroli. Kichwa kikalegea, akakipokea kwa mikono miwili, akamnyooshea baba. Baba alikitazama kwa heshima, jinsi mtu anavyotazama ng'ombe wa mwenzake. Hakunyoosha mkono.

Alisema atapitia kwa Bonaya jioni ile, yeye peke yake bila rika, amwambie kwamba alikuwa amemwazia vibaya. Akamwuliza Wamucii kama kidole kimeumia sana. Kisha akaliweka lile gunia jipya juu ya ndoo ya rangi, akarekebisha kofia yake, akatoka.

Wamucii alibaki amekumbatia kile kichwa, analia kwa sauti sasa. Sikumbembeleza. Nilitaka alie. Mpaka leo tukikutana dukani kwa baba yake nanunua ninachonunua na kuondoka, na yeye anajua asinisalimie. Sanamu ilisimamishwa uwanjani ikiwa na mbavu mpya, bila kichwa katikati, watu wakapiga picha, na wale wale waliomwita Fisi walisimama karibu nayo wakatabasamu.

Lakini siku ile nilitoka nje kumtazama baba. Alikuwa ameshafika mbali kwenye barabara, anatembea upande wa Burat bila kutafuta pikipiki. Mzee Ebei alikuwa akijikokota nyuma yake na ule mguu.

"Apaloreng," Ebei akamwita. "Ningoje."

Baba hakugeuka. Baba yangu si kiziwi, husikia mbuzi akikohoa ng'ambo ya laga. Ebei akaita tena, safari hii kwa nguvu, mpaka vijana wa boda boda wakainua vichwa kuangalia. Baba aliendelea kutembea, hatua zilezile, unyoya wa mbuni ukipepea kofiani.

Ebei akasimama. Aliinamia fimbo yake kwa muda, akapangusa mdomo kwa shuka. Kisha akamwita kwa jina alilopewa na mama yake, jina la kwenye kitambulisho, ambalo hakuna mtu wa rika lake aliyelitamka tangu Loreng alipofungwa pembe.

"Lobokat," akasema, si kwa nguvu.

Baba akasimama, akageuka, akamngoja.